Jogoo wa Mihambo

Katika shamba la mkonge lililokuwa nje kidogo ya Mlandizi, upande wa kuelekea Mto Ruvu, watu walimwita Mwishehe mtu wa haki, na kila walipomwita hivyo alitamani kuziba masikio. Si kwamba alikuwa mnyenyekevu sana. Sifa alizipenda kama mtu mwingine yeyote. Ukimwambia kanzu yake imemkaa vizuri, siku nzima atatembea ametunisha kifua. Ila sifa hiyo moja hakuiweza, kwa sababu alijua ilikotoka, na ilikotoka hapakuwa pazuri.

Kwao ni Marui, Kisarawe, Uzaramoni. Baba yake alilima mihogo na mpunga wa bondeni, na mama yake, Bi Mwanajuma, alisuka mikeka na kusema watu, na katika kazi hizo mbili sijui aliimudu ipi zaidi. Mwishehe alikuja shambani akiwa kijana, akaanza na kukata mkonge. Miiba ilimchoma, mgongo ukamkatalia. Kwa kuwa alijua kusoma na hakuwa mlevi, mwaka wa arobaini na tano wakampa kazi ya kulinda stoo.

Stoo yenyewe ilikuwa banda la bati lenye spana, makopo ya grisi, mapanga mapya, na mikanda ya korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge hadi yakabaki singa, zile nyuzi za kusokotea kamba. Mlango ulikuwa na kufuli moja na ufunguo mmoja, mrefu kama kijiko cha uji. Amri ya meneja ilikuwa fupi: ufunguo ukae shingoni mwa Mwishehe usiku na mchana, na siku utakapoonekana mahali pengine, Mwishehe atafute kazi mahali pengine. Meneja huyo, Mzungu mwenye mashavu mekundu, watu walimpa jina la Bwana Mluzi, kwa sababu moyo wake ukiwa mweupe alipiga mluzi tangu asubuhi. Akinyamaza, watu walijificha hata kama hawakufanya kosa.

Kambini hapo alikuwapo Mihambo, Mnyamwezi, mkataji hodari kuliko wote, mwenye mikono mirefu kama ameiazima. Alikuja kwa treni kwa mkataba, mkataba ukaisha, akaoa Mlandizi na kubaki. Basi Mnyamwezi na Mzaramo wakikaa mahali pamoja, kila mtu anajua kinachofuata: utani. Mihambo aliingia nyumbani kwa Mwishehe bila hodi, akainua kawa, akala. Mwishehe naye alikwenda kwa Mihambo akabeba kigoda chake cha pekee, akakikalia barazani kwake siku tatu mpaka alipoletewa kibuyu cha asali kukikomboa. Waliitana mbeba mizigo na mcheza ngoma, na anayekasirika ameshindwa.

Bi Mwanajuma alipokuja kumtazama mwanawe, Mihambo alimpora furushi la mikeka njiani, akalikalia.

"Mchumba wangu huyu," akatangaza. "Haingii kambini bila kunipikia."

"Shuka kwenye mikeka yangu, we Mnyamwezi, utaipasua kwa mifupa hiyo!" akafoka Bi Mwanajuma, huku anacheka mpaka machozi. Alimpikia kisamvu siku ile, na kila alipokuja tena aliuliza kwanza habari za Mihambo ndipo za mwanawe.

Basi ilikuwa mwaka wa arobaini na saba, wakati wa masika. Adhuhuri imeingia, Mwishehe akaenda nyuma ya stoo kutawadha. Kamba ya ufunguo ilikuwa ikimsumbua kila alipoinama. Ilitumbukia majini, ikamlowesha kifua. Kwa hiyo aliuvua, kama alivyokuwa akiuvua siku zote pasipo mtu kumwona, akautundika kwenye msumari uliopigiliwa kwenye mpapai. Akasali. Alipotoa salamu na kugeuka, mpapai ulikuwa na msumari peke yake.

Alizunguka banda mara mbili, akapapasa majani chini. Hapo akamwona mkewe, Mwanamvua, mama wa binti yake Tatu, anakuja polepole na mimba yake ya miezi saba, ameziba mdomo kwa ncha ya khanga ili asicheke kwa sauti.

"Baba Tatu, usihangaike," akasema. "Mtani wako amepita hapa. Kamaliza kazi yake mapema, kakuona umesujudu, kauchukua. Ameniambia nikuambie anataka jogoo. Tena jogoo, amesema, si tetea."

Mwishehe akashusha pumzi, akacheka. "Mshenzi mkubwa yule!"

"Kaenda mtoni kuoga. Ufunguo kauweka kwake."

Angeweza kukimbilia kwa Mihambo saa ileile akauchukua. Lakini utani una heshima zake. Kukimbilia kitu chako mikono mitupu ni kuonyesha kwamba umekasirika, na hilo kambi nzima ingelisimulia mwaka mzima. Kwa hiyo Mwishehe alikwenda kukamata jogoo. Alikuwa naye mmoja, kishingo mwekundu asiye na manyoya shingoni, mkorofi, aliyemzungusha nyumba nzima hadi kanzu ikajaa matope. Alimkamata, akamfunga miguu kwa singa, akamtia kwapani. Akawa anatabasamu peke yake.

Hapo ndipo korona iliponyamaza.

Mtu aliyekaa shamba la mkonge anajua kimya kile. Mashine iliyokuwa ikinguruma tangu alfajiri inanyamaza ghafla, na unasikia sauti za watu ulizozisahau. Mkanda ulikuwa umekatika. Kabla Mwishehe hajafika stoo, Bwana Mluzi alikuwa amesimama mlangoni, pembeni yake karani Zahoro na daftari lake. Hakupiga mluzi.

"Fungua. Taka mkanda."

Mwishehe akapeleka mkono shingoni, ingawa alijua kabisa hakuna kitu shingoni.

"Ufunguo iko wapi?"

Jogoo alikuwa kwapani. Maneno yalikuwa mdomoni, tena mepesi: uko kwa mtani wangu, bwana, nampelekea huyu jogoo sasa hivi. Yangemtoka, Bwana angefoka, angemtukana, pengine angemfukuza kweli. Mwishehe aliutazama ule uso mwekundu, akamkumbuka Mwanamvua na tumbo lake, akaikumbuka nyumba ya kambi ambayo ni ya kazi na huondoka na kazi. Akaona panga la kukata mkonge linamrudia mkononi.

"Sijui, bwana," akasema. "Nadhani umeibwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakukaa usiku kucha akipanga uongo. Alitamka neno moja ili apumue kidogo, akidhani baadaye atalirudia na kulirekebisha.

Kufuli likavunjwa kwa nyundo. Ndani palitakiwa kuwa na mikanda mitatu, wakakuta miwili. Bwana Mluzi alihesabu mara moja, akamtaka Zahoro ahesabu, kisha akaamuru kila nyumba ya kambi ipekuliwe. Ufunguo haukufichwa hata. Ulikuwa juu ya blanketi la Mihambo lililokunjwa vizuri, mahali ambapo mtu angeweka kitu anachotarajia kuja kuombwa. Mkanda hawakuuona. Mihambo mwenyewe aliletwa kutoka mtoni, maji bado yanamdondoka.

Mwishehe, nisimwonee, alishtuka kwelikweli kwa habari ya ule mkanda uliopungua. Moyo wake ukamnong'oneza: je, kama kweli ameuchukua? Alilishika wazo hilo kwa mikono miwili. Alijua ni wazo la kijinga, kwa kuwa mkanda ule ulikuwa mzito kama gunia la chumvi na Mihambo alipita mbele ya Mwanamvua na ufunguo tu mkononi. Lakini alilishika.

Shauri lilisikilizwa kwenye baraza ya ofisi, kwa muda usiotosha kuivisha yai. Bwana Mluzi kwenye kiti, Zahoro kwenye meza na kalamu, nyapara wawili wamemshika Mihambo mikono. Nje wakataji wamejaa.

Mihambo alikuwa anacheka. Alidhani hata hilo limo katika mchezo, kwamba mtani wake kamwekea mtego mkubwa zaidi.

"Bwana, huo ni utani," akasema. "Nimeuchukua ili anipe jogoo. Jogoo mwenyewe yule pale, ona, amefungwa miguu! Muulize mwenyewe."

Kila mtu akamwona jogoo. Bwana Mluzi akamgeukia Zahoro. "Utani nini?"

Zahoro, mtu wa pwani aliyejua vyema, alijikohoza. "Ni desturi yao, bwana. Mzaramo na Mnyamwezi huchukuliana vitu bila kukasirikiana. Lakini lazima mwenyewe akubali."

"Mwishehe," akasema Bwana Mluzi, na sauti yake, kwa haki yake, haikuwa ya ukali wakati huo. Alikuwa anauliza kweli. "Huyu mtu iko mtani yako?"

Mwishehe aliona wazi mbele yake njia mbili. Akisema ndiyo, basi alijua ulipo ufunguo, basi alidanganya mlangoni, basi aliuvua shingoni. Akisema hapana, yamekwisha.

"Hapana, bwana," akajibu. "Kazini mimi sina mtani."

Kicheko cha Mihambo kilikatika. Hakumtukana. Alimtazama tu, kisha akamtazama jogoo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama Tatu anajua. Nilimwambia yeye. Mwiteni."

"Bibi hapana kazi ya hapa," akasema Bwana Mluzi, akapiga meza. Mwanamvua hakuitwa. Hakuna aliyeuliza Mihambo angeubebaje mkanda ule mchana kweupe bila mtu kumwona, wala mkanda ulionekana mara ya mwisho lini, wala nani mwingine aliwahi kuushika ufunguo. Kwa nini waulize? Mwenye ufunguo amesema. Mihambo akafukuzwa saa ileile, na kwenye karatasi yake ya kuachishwa kazi Zahoro akaandika kwa wino mwekundu kwamba ameondolewa kwa wizi. Karatasi kama ile ndiyo mashamba mengine huomba kuiona kwanza.

Kabla ya magharibi Mihambo alipita na mkewe njia ya kwenda barabarani, kigoda kichwani. Alipita mbele ya stoo. Mwishehe alijitia kutengeneza bawaba ya mlango.

Nyumbani Mwanamvua alimngoja amekaa.

"Umewaambia?"

"Nimejibu nilichoulizwa."

"Uliulizwa nini?"

Mwishehe akaanza kukwangua matope kwenye kanzu. Mwanamvua aliinuka kwa taabu, akaenda nje, akamfungua jogoo miguu. Angegomba ingekuwa nafuu. Hakugomba siku ile wala baadaye. Alimpikia, alimfulia, akamzalia mtoto wa kiume, ila hakumwita tena Baba Tatu. Alisema "chakula hicho" na "maji hayo," kama mtu anayemhudumia mgeni wa njia. Jogoo naye alizurura uani hakuna wa kumgusa. Sikukuu zilipita, wageni walikuja, wakachinjiwa majogoo wa kununua sokoni Mlandizi huku kishingo akiwika juu ya pipa. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, ndicho kilichomwondoa mwishowe, na Mwishehe alimzika, jambo ambalo majirani walilicheka sana.

Lakini nimekimbia mbele. Miezi miwili tu baada ya Mihambo kuondoka, Mwishehe alitumwa kwenye pampu ya maji kule mtoni apeleke grisi. Fundi Twalibu alikuwa amelala chini ya mashine, miguu tu inaonekana. Mwishehe akatazama gurudumu, akaona mkanda, na kwenye mkanda namba za stoo zilizopigwa kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe.

"Fundi, huu mkanda ulitoka wapi?"

"Stoo," ikajibu miguu. "Alinipa Zahoro, ule wakati wewe ulipokwenda kwenu Marui kwa Idi. Kwani hakuandika?"

Zahoro hakuandika. Ndiye aliyeachiwa ufunguo siku zile nne, akampa fundi mkanda, akasahau. Ndiye huyohuyo aliyehesabu mikanda miwili mbele ya Bwana na kalamu ikaandika wizi.

Mwishehe alipanda kilima kutoka mtoni anakimbia. Kwa mara ya kwanza tangu masika alihisi mwili mwepesi. Mkanda umepatikana! Hakuna wizi! Alifika barazani anahema, akaeleza habari za pampu, na Bwana Mluzi akasikiliza.

"Mzuri. Mkanda iko," akasema. "Lakini ufunguo? Ufunguo yeye aliiba."

"Hapana, bwana. Ule ulikuwa utani."

Bwana Mluzi akaweka kiko chake mezani. "Wewe mwenyewe ulisema hapana mtani. Mimi niliuliza, wewe ulisema hapana. Sasa wewe ulidanganya lini? Siku ile, ao leo?"

Swali hilo halikuwa na mlango wa nyuma. Mwishehe alilisikia masikioni miaka yote iliyofuata. Zahoro, kwenye meza yake, hakuinua kichwa. Mtoto wa Mwishehe alikuwa na wiki mbili.

"Labda nimekosea, bwana," akasema.

"Leo?"

"Leo, bwana."

Akashuka ngazi. Mara ya kwanza alikuwa na kisingizio cha kushtukizwa. Mara hii alikuwa amekimbia njia nzima kwa hiari yake, akafika, akakataa tena.

Kuanzia hapo akawa mtu wa maswali. Wakampandisha cheo akawa nyapara wa korona nzima, na hapakuwa na mtu aliyeshtakiwa mbele yake asiyepewa nafasi ya kusema. Aliposhtakiwa Shomari kwamba kakata mkanda wa mashine kwa makusudi, nyapara wenzake walikwisha kumfungia virago. Mwishehe akauliza nani aliona. Akauliza yule aliyeona alikuwa amesimama wapi, akaenda kusimama pale mwenyewe, akakuta nguzo imeziba. Akauliza, "Na wewe Shomari unasemaje? Nani alikuwa nawe? Mwiteni. Akiwa mwanamke mwiteni pia." Shomari akarudi kazini. Wenzake walimwona Mwishehe msumbufu, walinuna, lakini aliwachosha mpaka wakazoea. Mwaka wa hamsini na tatu wafanyakazi walipochagua kamati ya kuwasemea kwa meneja, jina la kwanza lilikuwa lake.

"Huyu hamfukuzi mtu bila ushahidi," akasema Shomari mbele ya mkutano. "Mtu wa haki."

Watu wakapiga makofi. Mwishehe alisimama, akashukuru, akaenda nyuma ya ofisi, akangoja makofi yaishe.

Zahoro alikwisha kuhama. Bwana Mluzi alirudi kwao, akaja mwingine asiyejua lolote. Habari za Mihambo zilifika moja moja: alijaribu mashamba mawili ya mkonge, wakasoma karatasi, wakamrudisha, sasa anachoma mkaa upande wa Mzenga. Na Mzenga iko njiani kwenda Marui. Mwishehe, kila alipokwenda kumtazama mama yake, alizungukia Kisarawe bomani, akatembea karibu siku nzima ya ziada, akasingizia kwamba ana shauri la bomani. Bi Mwanajuma hakuwa mjinga.

"Mtani wako hupita hapa kunisalimu," alimwambia siku moja, anasuka bila kumtazama. "Ananiletea mkaa. Wewe nani amekufungia njia ya Mzenga?"

"Shughuli, mama."

"Haya. Shughuli."

Bi Mwanajuma alifariki mwaka wa hamsini na sita, Alhamisi, na Ijumaa asubuhi uwanja wa Marui ulijaa watu. Mwishehe alikuja na Mwanamvua na watoto, na wajumbe wawili wa kamati, Shomari mmojawapo. Maiti ikaoshwa, ikakafiniwa, ikaswaliwa. Wakainua jeneza. Walipofika kwenye njia nyembamba ya kuingia makaburini, katikati ya njia alikuwa amelala mtu chali, mikono mirefu ameikunjua huku na huku.

"Haendi mtu!" akasema Mihambo. "Mchumba wangu mnampeleka wapi bila kuniaga?"

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha msibani kinachokuja na machozi. Mtani amefika. Hata wafiwa walitabasamu, maana bila mtani mazishi yangekuwa na upungufu. Mihambo alikuwa amezeeka, nywele nyeupe, masizi ya mkaa yamemwingia katika mikunjo ya ngozi. Shingoni amening'iniza ufunguo mkubwa aliouchonga kwa muhogo.

Aliinuka, akavuta tumbo mbele, akatembea kwa kunyata huku anaushika ule ufunguo kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Alikuwa anamwigiza Mwishehe, na alimpata vizuri mno. Kisha akaruka upande wa pili, akajaza mashavu. "Huyu mtu iko mtani yako?" Akaruka tena, akainamisha kichwa, akafanya sauti nyembamba. "Hapana, bwana. Kazini mimi sina mtani!"

Msafara mzima ulivunjika mbavu. Shomari alishika bega la mwenzake ili asianguke. Ni mchezo wa mtani, nani atafikiri ni kitu kilichotokea? Mwanamvua, nyuma kabisa na wanawake waliosindikiza mpaka hapo njiani, hakucheka. Mwishehe alikuwa ameshika mti wa jeneza, mama yake begani.

Mihambo akaja akasimama mbele yake, karibu kabisa.

"Sasa nikukomboe au unikomboe?" akauliza, bado kwa sauti ya mchezo. "Sitaki kitu. Sema tu. Mimi nani kwako?"

"Mtani wangu," akasema Mwishehe.

"Sikusikia. Sema kama ulivyomjibu Bwana."

"Mtani wangu!" akapaza sauti. "Huyu ni mtani wangu!"

Watu wakashangilia. Watu mia na zaidi, na hapakuwa na hata mmoja aliyehitaji kuambiwa. Aliyehitaji alikuwa mmoja tu, naye aliuliza kwa upole, miaka tisa iliyopita, kwenye kiti cha baraza.

Mihambo akaondoa kichekesho usoni kama mtu anayevua kofia. Akaingiza bega chini ya jeneza, mbele ya Mwishehe, wakaenda. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea Bi Mwanajuma, yeye ndiye aliyesawazisha udongo wa mwisho.

Baada ya mazishi, watu wamekaa kwenye mikeka wakila, Mwishehe alizunguka nyuma ya nyumba. Alirudi na jogoo wa mama yake, mkubwa, amemfunga miguu kwa singa. Mihambo alikuwa ananawa mikono kando ya mtungi.

"Nitakwenda Dar es Salaam," Mwishehe akasema haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Ipo ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Niko kwenye kamati, watanisikiliza. Nitasema yote. Nitasema nilidanganya, waifute ile karatasi."

Mihambo alijikung'uta maji. "Karatasi gani? Niliiwashia tanuru zamani. Na mikono hii inaweza kukata mkonge sasa?"

"Basi pokea huyu. Huyu ni wako tangu siku ile."

Mihambo alimpapasa jogoo kichwa kwa kidole kimoja.

"Jogoo ni wa utani," akasema, na hapakuwa na hasira yoyote katika sauti yake, hilo ndilo Mwishehe hakulisahau. "Mimi leo nimekuja kwa Bi Mwanajuma. Yeye hakunikana hata siku moja. Nimemaliza kazi yake."

"Lakini nimesema. Mbele ya watu wote nimesema."

"Umesema kwa sababu nilikuzibia njia na mama yako yuko begani. Siku ile alikuziba nani?"

Akachukua fimbo yake, akaondoka. Hakuchukua kitu. Mtani hutoka msibani na kuku, na sufuria, na kofia ya mfiwa, hutoka amebeba hata mchi wa watu. Mihambo alikatiza uwanja mikono mitupu, akapita katikati ya mikeka, na watu wakaanza kushangaa na kuitana.

"Mtani anaondoka hivihivi!" akaita Shomari kwa furaha. "Mwishehe, wewe mtu wa haki, mtani wako hujampa kitu?"

Mwishehe alisimama kando ya mtungi na jogoo kwapani. Mwanamvua alikuja, akamtoa jogoo kwapani mwa mumewe, akachuchumaa, akaanza kufungua ile singa.